Pia

Daktari Mehrzad amenichorea jicho langu
nyuma ya risiti ya dawa:
konea, iliyopaswa kuwa kama mgongo wa kijiko,
imechongoka, imekuwa pia,
ile ya watoto, ila hii haizunguki.
Imeinamia chini kidogo
kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

Kazi yangu hapa Yazd ni kukagua terme,
hariri ya maharusi,
kuhesabu nyuzi kabla kitambaa hakijakunjwa.
Siku hizi uzi mmoja una vivuli vitatu.
Mwezi una mkia. Taa za magari
yatokayo Taft zimeota ndevu.
Juzi nilimrudishia Bi Parvaneh kitambaa kizima,
nikamwambia mstari umerukwa.
Haukurukwa.
Alitazama, akanyamaza, akanimiminia chai.
Chai ile ndiyo iliyonipeleka hospitali.

Nikamuuliza daktari: ni lenzi?
Nilianza kuzivaa nina miaka kumi na sita, zile ngumu,
nikazivaa miaka ishirini.
Nimelala nazo. Nimezivaa na vumbi la jangwa ndani,
jioni nikizitoa jicho limeiva kama komamanga.
Hata mwamba hutobolewa na tone,
sembuse konea?

Hakusema ndiyo.
Alisema: lenzi na ugonjwa hukutwa nyumba moja,
lakini nani alimfungulia mwenzake mlango?
Huenda jicho lilikwisha anza kuchongoka,
ndiyo maana miwani haikukutosha,
ndiyo maana ukauziwa lenzi.
Mwavuli hauleti mvua, Farangis.

Nikatoka na mwavuli huo, nikautembeza mji mzima.

Kaka yangu Kiumars hajawahi kuvaa lenzi
na leo anasoma gazeti kwa pua.
Utotoni alifikicha macho kwa vifundo vya vidole
mpaka yakatoa mlio, mlio mdogo wa majimaji.
Mama alifikicha mbele ya televisheni.
Mimi nilifikicha juu ya lenzi,
nayo katikati, baina ya kidole na jicho,
kama shahidi aliyefungwa mdomo.

Damu, basi. Vumbi pia. Vidole pia.
Lenzi pia?
Neno dogo hili halikuachii mtu wa kumshtaki.

Hata hivyo nilikwenda kwa Bwana Ardeshir, aliyeniuzia.
Duka sasa ni la mwanawe, linauza makava ya simu.
Mzee alikuwa nyuma ya pazia, anamenya tango.
Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima.
Akaniuliza jina, akavuta droo,
akatoa kadi yangu ya mwaka 1380,
kipimo cha kwanza, kabla lenzi haijanigusa.
Jicho la kulia: tarakimu,
na kando yake alama ya kuuliza, kwa penseli.

“Kilinitatiza,” alisema. “Nilidhani mashine imechoka.”

Maneno yangu yakaniishia.
Nikashuka hadi mstari wa pili.
Jicho la kushoto: tarakimu safi, bila alama yoyote.
Na la kushoto nalo leo ni pia.

Tukaitazama kadi ile, yeye na miwani yake,
mimi na macho yangu.
Akanikatia kipande cha tango, akakitia chumvi.

Dawa niliyopewa ni nini? Lenzi.
Ngumu vilevile, ila pana zaidi,
inajazwa maji ya chumvi kama kisahani,
nami nainamisha uso kuifuata, kila alfajiri,
mshtakiwa akinishika mkono kunivusha barabara.
Na kweli ananivusha. Vivuli vinarudi nyumbani.
Nahesabu hariri: moja.
Moja.
Moja.

Kufikia adhuhuri jicho linawasha.
Bi Parvaneh ananiona, hasemi kitu.
Nimeikalia mikono yangu yote miwili.